Mzazi akiwa mahututi, kamati iko wapi?

Na Rehema Chande

Mtu akifariki Dar es Salaam mchana, jioni turubai limeshasimama. Viti vimeletwa, mweka hazina ana daftari lake, kina mama wamegawana nani apike na nani achote maji, vijana wamekwenda kuchimba kaburi au kutafuta gari la kusafirisha maiti. Hakuna anayengoja mfiwa aombe. Lakini marehemu huyo huyo alipokuwa wodi ya wagonjwa mahututi, mwanawe alikaa peke yake kwenye benchi la nje, chaji ya simu inakwisha, akijibu ujumbe ule ule kwa kila jamaa: "Mzee anaendeleaje?"

Benchi hilo nimelikalia. Baba alipolazwa, watu walinitumia pole na dua, na karibu kila mmoja alimalizia kwa kusema nimwambie nikihitaji chochote. Sikumwambia yeyote. Mtu ambaye hajalala hana nguvu ya kupanga amwombe nani kitu gani. Akili yake yote iko kule ndani, kwenye mashine. Aliyenifaa kuliko wote ni mama mdogo, naye hakuuliza. Alifika na kanga na chupa ya chai, akasema, "Leo nakaa mimi. Wewe nenda ukaoge, ulale, uje alfajiri." Nikaenda.

Naomba familia ziunde kamati siku ile ile daktari anapotamka kwamba hali ni mbaya. Tunazijua kamati. Tunaziunda kwa harusi, tunaziunda kwa msiba, zina mwenyekiti na zamu na michango inayoingia kwa simu kabla jua halijatua. Sioni kwa nini ugonjwa, ambao ndio wakati fedha na mikono bado vinaweza kumfaa mzee mwenyewe, uachiwe mtoto mmoja, kwa kawaida yule anayeishi karibu na hospitali au binti ambaye hajaolewa.

Anayelala hospitali asiwe mwenyekiti. Achaguliwe ndugu mmoja wa kuzungumza na madaktari, aandike maswali kabla ya raundi ya asubuhi, kisha jioni atume taarifa moja kwenye kundi la familia. Kaka aliye Muscat hawezi kushika zamu ya usiku, lakini anaweza kupokea simu zote za jamaa wanaoulizia hali, na hilo pekee litampa muuguzaji nafasi ya kupumzika.

Kisha kuna damu. Ndugu huombwa walete wachangiaji, na hapo ndipo wengi hushtuka. Mchangiaji awe na umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50; mwanamume huchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Kwa hiyo jirani aliyetoa mwezi uliopita hafai leo, wala shangazi mwenye kilo 47, hata akiwa na moyo wa kutoa kuliko wote. Orodha ya majina lazima iwe ndefu, na mtu wa kuwapigia simu awepo kabla daktari hajaomba.

Kuhusu fedha, hospitali za serikali zina maofisa ustawi wa jamii. Kazi yao mojawapo ni kuchunguza uwezo wa mgonjwa na kupendekeza msamaha wa gharama. Watu wengi humkumbuka ofisa huyu siku ya kuruhusiwa, au siku ya kuchukua mwili, bili ikiwa imeshapanda. Aende mtu mapema, na kijana mwingine afuate barua ya serikali ya mtaa, maana mara nyingi itatakiwa. Kwenda pale si aibu. Nimeona wazee wa heshima wakiuza kiwanja kwa bei ya kutupa bila kwanza kugonga mlango ule.

Kuna swali ambalo kamati inapaswa kulibeba kwa pamoja, kwa sababu ni zito mno kwa mtoto mmoja: matibabu haya yanamponya mzee, au yanamrefushia maumivu? Daktari aulizwe wazi, na aulizwe pia habari za tiba shufaa, ile inayotuliza maumivu na kuihudumia familia nzima. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road inaitoa. Kuiulizia hakumaanishi kwamba mmekata tamaa na mzazi wenu. Nalisema hili kwa mkazo, kwa sababu nimesikia watoto wakilaumiwa na ukoo kwa kuuliza tu.

Na waajiri je? Kifungu cha 34 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinampa mfanyakazi angalau siku 4 za likizo yenye malipo mtoto wake akiugua au akifariki. Kinampa pia siku hizo mzazi wake akifariki. Mzazi akiwa mahututi, akiwa bado anaweza kusikia sauti ya mwanawe, kifungu hicho hakimtaji. Nawaomba wabunge wamtaje. Mpaka hapo watakapofanya hivyo, mabosi mnaosoma safu hii hamhitaji sheria ili kumruhusu mfanyakazi wenu awahi saa ya kuona wagonjwa.