Mchezaji huru asiye na mshahara, uhuru gani huo?

MSIMU wa ligi unapokaribia kumalizika, kuna jambo ambalo huzuka katika nyumba nyingi za Gatwekera, Lindi na Makina, na hata ng'ambo ile ya Kawangware. Kijana ambaye jana alikuwa akikaripiwa kwa kurudi nyumbani na matope ya uwanjani, leo anarudi na karatasi mbili tatu zilizopigwa chapa. Kuna klabu inayomtaka. Inataka aweke sahihi kabla ya Jumatatu.

Mama anafurahi. Majirani wanakuja kumpa mkono. Aghalabu hakuna anayeuliza karatasi hizo zinasema nini.

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Basi leo, msomaji mpendwa, tuulize kwa niaba ya mzazi huyo. Mwanao akishaweka sahihi, ni nani mwenye usemi juu ya miguu yake? Mshahara ukikosekana miezi mitatu, anaweza kuondoka? Na mkataba ukiisha, je, yu huru kweli?

Maswali haya hayakuanzia kando ya reli ya Kibera. Wachezaji wa mataifa tajiri waliyauliza kabla yetu, na majibu waliyoyapata hawakupewa kwa hisani. Waliyapigania.

PAUNI ISHIRINI KWA JUMA

Kule Uingereza, mwaka wa 1901 wakuu wa soka walipitisha kwamba hakuna mchezaji atakayelipwa zaidi ya pauni 4 kwa juma. Kiwango hicho kilipandishwa kidogo kidogo, lakini kufikia 1961 kilikuwa pauni 20 tu. Viwanja vilijaa pomoni kila Jumamosi, na pesa za langoni ziliishia kwa wenye vilabu.

Mbaya zaidi, hata mkataba wa mchezaji ukiisha, klabu ingeweza kumzuia asihamie kwingine. Fundi wa kiwandani akichoshwa na tajiri wake, alijifungia virago akaenda kutafuta kazi mbele. Mchezaji hakuwa na ruhusa hiyo.

Chama cha wachezaji, kikiongozwa na Jimmy Hill, kilitishia mgomo. Januari 1961 vilabu vikasalimu amri na kikomo kile kikaondolewa. Muda si muda Johnny Haynes wa Fulham akawa analipwa pauni 100 kwa juma. Kisha George Eastham, ambaye klabu ya Newcastle ilikuwa imekataa kumwachilia, akaenda mahakamani. Mwaka wa 1963 jaji aliamua kwamba kumzuia mchezaji kwa namna ile ni kumnyima haki ya kutafuta riziki.

Bara la Ulaya lilisubiri zaidi ya miaka 30 kupata uamuzi mkubwa kama huo. Jean-Marc Bosman, Mbelgiji, alimaliza mkataba wake na RFC Liège mwaka wa 1990. Klabu ilitaka abaki kwa robo tu ya mshahara wake wa awali. Alipopata klabu nyingine nchini Ufaransa, akazuiliwa. Kesi yake ilikokotwa hadi Desemba 15, 1995, mahakama ya Ulaya iliposema kwamba mkataba ukiisha, mchezaji ni huru kwenda atakako ndani ya jumuiya ile, bila ada ya uhamisho. Mwenyewe Bosman hakuifaidi sana hukumu hiyo, kwa sababu miaka yake mizuri ya kucheza ilikuwa imepotelea kortini. Waliofuata ndio walioneemeka.

KIKOMO CHA KUKUBALIANA

Nchini Marekani mambo yalichukua mkondo mwingine. Wale wanaocheza kandanda ya Kimarekani, mchezo ule wa kuvaa helmeti na kukimbia na mpira mkononi, waligoma mwaka wa 1987. Matajiri wa timu wakaajiri watu wengine wajaze nafasi zao, na baada ya siku 24 wachezaji wakarudi kazini mikono mitupu. Walichofanya baadaye ni kuhamishia vita mahakamani. Mwaka wa 1992 wakashinda, na 1993 pande zote mbili zikaketi mezani.

Makubaliano yalikuwa ya nipe nikupe. Mchezaji aliyetumikia miaka fulani na kumaliza mkataba angekuwa huru kujitafutia timu. Nao matajiri wakapata kikomo cha mishahara, yaani jumla ya pesa ambazo timu moja inaweza kuwalipa wachezaji wake wote kwa mwaka. Mwaka wa 1994 kikomo hicho kilikuwa dola milioni 34.6. Mwaka wa 2024 kilifika dola milioni 255.4.

Mbona kikomo kinapanda hivyo? Kwa sababu kimefungwa kwenye mapato. Chama cha wachezaji kilihakikisha kwamba karibu nusu ya mapato ya ligi inawaendea wachezaji, kwa hivyo pesa za televisheni zikiongezeka, kikomo nacho kinapanda. Hata hivyo si mapenzi matupu. Mwaka wa 2011 matajiri waliwafungia wachezaji nje kwa zaidi ya miezi minne wakibishania mgao huo huo.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa jambo lenyewe. Pauni 20 za Uingereza zilikuwa amri. Dola za Marekani zilikuwa mapatano.

Wazazi wanaokumbuka mwaka wa 1997 wanalielewa jambo hili bila kufafanuliwa. Mwaka huo walimu wa Kenya, chini ya chama chao cha KNUT kilichokuwa na Ambrose Adongo kama katibu mkuu, waligoma hadi serikali ikatia sahihi nyongeza ya mishahara. Mwalimu mmoja wa Olympic akigoma peke yake angefutwa kazi kabla ya saa nne asubuhi. Waligoma nchi nzima.

Wapenzi wa soka wa siku hizi nao wana mfano wao. Juni 2021 mkataba wa Lionel Messi na Barcelona uliisha, akawa mchezaji huru. Alitaka kubaki na klabu ilimtaka. Lakini sheria za ligi ya Uhispania huwekea kila klabu kikomo cha matumizi kulingana na mapato yake, na Barcelona ilikuwa na madeni hadi shingoni. Agosti akaondoka huku akilia mbele ya wanahabari, akaenda Paris.

HAPA KWETU KIKOMO NI KASHA TUPU

Sasa turudi nyumbani. Ligi yetu haijulikani kwa kikomo cha mishahara. Kikomo chetu ni kasha la mweka hazina.

Zamani wachezaji wengi waliajiriwa na mashirika. Ulikuwa ukisakata gozi kwa ajili ya kampuni ya bia, posta au benki, na mwisho wa mwezi ulipokea mshahara kama karani mwingine. Ukivunjika goti, kazi ilikuwapo. Hadi leo vijana wengi huvutiwa na timu za taasisi kama KCB, Ulinzi na Polisi kwa sababu hiyo hiyo, hata kama nyimbo za mashabiki ni chache.

Vilabu vya jamii havina kinga hiyo. Gor Mahia, iliyotwaa Kombe la Mandela mwaka wa 1987, na AFC Leopards zina mashabiki wa kujaza uwanja wowote, lakini mashabiki si hazina. Mwaka wa 2019 kampuni ya SportPesa, iliyokuwa ikifadhili vilabu hivyo viwili na ligi yenyewe, iliondoa ufadhili wake ilipokuwa ikivutana na serikali kuhusu ushuru na leseni. Mishahara ikakauka. Mwaka uliofuata ligi ilipata mfadhili mwingine, BetKing, kwa mkataba wa miaka mitano wa Sh1.2 bilioni. Mkataba huo nao ukavunjika mwaka wa 2021.

Kijana aliyekopa pesa za nyumba Kawangware akitegemea mshahara wa klabu hakushauriwa katika lolote kati ya hayo. Wakubwa walivutana, nyasi zikaumia.

Kuna jambo jingine lililojitokeza wakati huo ambalo wengi hawakulitilia maanani. Vilabu hivyo vikubwa viwili vilipigwa marufuku na FIFA kusajili wachezaji kwa sababu ya madeni ya mishahara. Waliofanikiwa kuvifikisha huko ni makocha na wachezaji wa kigeni. Wakenya waliodai mshahara wa miezi ile ile wakabaki kuzungushwa.

Sababu ni kwamba FIFA husikiza mizozo inayovuka mipaka, mathalani kocha wa Rwanda na klabu ya Kenya. Mkenya na klabu ya Kenya wanatakiwa kumalizana hapa nyumbani. Kwa hivyo yule mgeni alikuwa na mlango wa kubisha nje ya nchi, na mwenyeji akabaki na ahadi za mwenyekiti.

Si kwamba nyumbani hakuna milango. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya kulipwa kwa haki, kujiunga na chama na kugoma. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi. Kuna Jopo la Kutatua Mizozo ya Michezo, lililoundwa chini ya Sheria ya Michezo ya 2013, na kuna mahakama ya leba. Kuna pia chama cha kutetea wanasoka, KEFWA. Milango ipo, ila hufunguka kwa karatasi, na vijana wetu wengi hawana karatasi.

YA KUZINGATIA KABLA YA KUTIA SAHIHI

Kwanza, pata nakala. Mkataba uliotiwa sahihi ukabaki katika droo ya klabu pekee haukusaidii chochote siku ya kesi. Soma uone mshahara umeandikwa kwa tarakimu, siku ya kulipwa imetajwa, na marupurupu hayakuachwa katika maneno ya mdomo. Uliza pia ni nani atakayelipia matibabu mtoto akiumia.

Pili, tazama muda. Sheria za FIFA haziruhusu mkataba kupita miaka mitano, na kwa aliye chini ya miaka 18 ni miaka mitatu. Miezi sita ya mwisho ya mkataba, mchezaji ana ruhusa ya kuweka sahihi na klabu nyingine atakayoijiunga nayo mkataba huo ukiisha. Muda ukishakwisha, hakuna haja ya kumpigia mtu magoti akuandikie barua ya kukuachilia.

Tatu, jua haki yako mshahara usipolipwa. Tangu Juni 2018, sheria za FIFA zinasema klabu ikikosa kulipa mishahara ya miezi miwili, mchezaji anaweza kuiandikia na kuipa siku 15 ilipe. Isipolipa, ana sababu ya haki ya kuvunja mkataba. Lakini ni lazima aandike. Anayeondoka kwa hasira bila barua huonekana ndiye mkosaji. Na kwa kuwa mzozo wa Mkenya na klabu ya Kenya husikizwa hapa hapa, aende kwa chama cha wachezaji au wakili kabla ya kufungasha mizigo.

Nne, jihadhari na mwenye ahadi za ng'ambo. Sheria za kimataifa hukataza uhamisho wa nje kwa aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache maalum. Na wakala hana ruhusa ya kuzungumza na mtoto bila idhini ya mzazi ya maandishi. Anayetaka pesa za viza kwa kijana wa miaka 16 huenda anakula jasho lako mchana.

Tano, na hili ni la makocha wa mitaa, wale wanaowafundisha watoto jioni katika uwanja wa Kamukunji bila malipo. Wekeni rekodi. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine, asilimia 5 ya bei hugawiwa vilabu vilivyomlea kati ya miaka 12 na 23. Victor Wanyama alipohama Celtic kwenda Southampton mwaka wa 2013, bei iliyotangazwa ilikuwa pauni milioni 12.5. Kwa hesabu ya FIFA, mwaka mmoja tu wa malezi baada ya kutimu miaka 16 una thamani ya nusu asilimia, yaani pauni 62,500. Hizo zilikuwa karibu Sh8 milioni wakati huo. Klabu ambayo haikumsajili mtoto kwa shirikisho haina cha kudai.

Haya yote yanawahusu mabinti pia. Kibera ina wasichana wanaocheza ligi kuu ya wanawake, na karatasi zao zinastahili kusomwa kwa makini yale yale.

Kwa wakuu wa soka tuna neno moja. Baadhi yao husema kwamba vilabu vitaokolewa na kikomo cha mishahara. Huenda ikawa kweli. Lakini kikomo cha haki hukatwa kutoka kwa mapato yanayojulikana. Fungueni vitabu kwanza: tiketi ngapi ziliuzwa, mfadhili alitoa ngapi, na ngapi zilifika kwa wachezaji. Baada ya hapo waiteni wachezaji mezani. Kikomo kinachowekwa gizani ni zile zile pauni 20 za mwaka wa 1961.

Nao wachezaji waache kungoja nyota mmoja awasemee. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mfungaji mabao hodari atapata klabu nyingine kabla ya jua kutua. Anayebaki na deni la nyumba ni beki wa akiba na kipa wa tatu, na hao ndio wengi. Chama ni chao kabla ya kuwa cha mtu mwingine yeyote.

Tukutane Jumapili ijayo.