Ametibiwa, Sasa Nani Atamkumbusha?

Wasomaji wangu, leo nazungumzia arafa, ila si zile za bahati nasibu.

Mwanamke akikutwa na seli za mlango wa kizazi zilizoanza kubadilika, ambazo bado si saratani, daktari anaweza kuzikata kwa waya mwembamba wenye umeme. Kidonda kinapona baada ya wiki chache, naye anadhani yamekwisha.

Hayajaisha. Virusi vya HPV vinaweza kubaki na seli mbovu zikarudi bila maumivu yoyote. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unataka apimwe tena baada ya miezi 12. Anayeishi na virusi vya ukimwi akikutwa salama, hupimwa tena baada ya miezi 12 mingine.

Sasa tazama shabaha za 2030, yaani 90-70-90: wasichana waliochanjwa, wanawake waliopimwa, waliotibiwa. Waliorudi kupimwa hawamo! Sisi waandishi wa programu twajua kwamba kisichohesabiwa husahaulika.

Maoni yangu ni haya. Tarehe ya kurudi iingizwe kwenye tarakilishi siku ile ile ya matibabu, kisha arafa ijitume yenyewe. Simu ya mulika mwizi yatosha. Ila mama aombwe ruhusa kwanza, na ujumbe usitaje ugonjwa, maana simu nyingine hushikwa na nyumba nzima. Asipofika, muuguzi apate orodha ampigie.

Kazi ya programu hiyo ni ndogo. Mwaonaje?