Kitambi si Heshima

Katika miji yetu ya machimbo, tangu Kolwezi hata Fungurume na Likasi, iko sifa moja isemwayo kwa kicheko lakini huaminiwa kwa moyo. Baba akipata kazi nzuri, na tumbo lake likianza kutangulia mbele ya vifungo vya shati, majirani humwambia, "Sasa umekuwa mkubwa kweli." Mkewe naye husifiwa kwamba anajua kumtunza mume. Lakini jirani aliyebaki mwembamba, ingawa ana nguvu za kubeba mifuko ya unga, huulizwa kama anakula vizuri, au kama ana ugonjwa anaouficha.

Twafahamu sifa hii ilikotoka. Wazee wetu waliokuja kufanya kazi kwa Union Minière, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906, walipimiwa posho ya chakula, na mwili mnene ulikuwa alama ya mtu aliyetulia kazini. Kisha, katika miaka ya 1990, Gécamines ilipoanguka, mishahara ilichelewa, na jamaa nyingi zilikula mara moja tu kwa siku. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika kampuni hiyo kwa mpango ulioitwa wa hiari. Mtu aliyewaona watoto wake wakilala njaa, je, tutamlaumu akiliona tumbo kubwa kuwa neema? La, hatumlaumu. Lakini yatupasa kumwambia ukweli: kitambi cha mtu wa miaka 45 ni kama deni, na mara nyingi kichwa chake ndicho kitakacholilipa uzeeni.

Kwanza tufahamu kwamba unene si wa namna moja. Mwaka 1947 mganga mmoja wa Marseille, nchi ya Ufaransa, jina lake Jean Vague, aliandika kwamba watu wanene wana maumbo mawili. Wako wanaonenepa nyonga na mapaja, wakawa na umbo la kibuyu. Na wako wanaonenepa tumboni, wakawa na umbo la chungu. Wenye umbo la chungu ndio aliowaona wakipatwa zaidi na ugonjwa wa sukari na maradhi ya mishipa. Sababu yake ni hii: mafuta yaliyo chini ya ngozi ya nyonga hukaa kimya kama akiba ghalani, lakini yale yaliyojificha ndani ya tumbo, kati ya matumbo na kuzunguka ini, hayakai kimya. Huuchochea mwili, hupandisha sukari na shinikizo la damu, ambalo wengi wetu huliita tansio, na huikaza mishipa.

Sasa msomaji atauliza: tumbo na ubongo vina ujamaa gani? Ujamaa wao ni damu. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo moja na nusu hivi, lakini hutumia karibu sehemu moja ya tano ya hewa safi inayochukuliwa na damu mwilini. Mishipa inayoulisha ni myembamba sana. Ikiharibiwa na sukari na tansio mwaka hata mwaka, sehemu ndogo ndogo za ubongo hukosa chakula, zikafa pasipo kelele. Mwenyewe hasikii maumivu yo yote. Miaka 20 au 30 baadaye ndipo anapoanza kuuliza neno lile lile mara tano, au kupotea njia ya kwenda soko alilolizoea.

Jambo hili limepimwa. Katika jimbo la California, Marekani, watu zaidi ya 6,500 walipimwa unene wa tumbo walipokuwa na umri wa miaka 40 hadi 45, kisha wakafuatwa miaka zaidi ya 30. Habari zao zilitangazwa mwaka 2008: wale wenye matumbo makubwa kupita wote walipatwa na ugonjwa wa kusahau karibu mara tatu kuliko wenye matumbo madogo. Tena, hata mtu ambaye uzito wake kwenye mizani ulikuwa wa kawaida, kama tumbo lake lilikuwa limetoka, hatari yake iliongezeka. Hatusemi kwamba kila mwenye kitambi atasahau majina ya wanawe. Wala hatusemi kwamba kila asahauye alikuwa na kitambi. Twasema hatari yaongezeka, na hatari hii yaweza kupunguzwa.

Wanafunzi, nanyi mwaweza kuwasaidia wazazi wenu. Twaeni kamba, mpimeni baba tangu kisigino hata utosi, kisha kikunjeni mara mbili kipande hicho. Mzungusheni nacho tumboni, juu kidogo ya kitovu, akiisha kutoa pumzi, asijibane. Ncha zikikutana, vema. Zisipokutana, tumbo limepita nusu ya urefu wake, na huo ndio mpaka ambao waganga wa Uingereza huwashauri watu wao wasiuvuke. Mtu mwenye urefu wa sentimita 170, basi, tumbo lake lisifikie 85. Fanyeni hivyo kwa adabu, pasipo kumcheka mtu.

Lakini neno letu halijaisha, kwa maana liko kosa la pili, nalo ni kinyume cha lile la kwanza. Watu wengine wakisikia kwamba unene ni hatari, hufurahi wakimwona bibi wa miaka 75 anakonda. Wasifurahi. Kwa mzee, mambo hugeuka. Wachunguzi waliowapima wazee wa Brazzaville na Bangui, miji ya jirani zetu, waliukuta ugonjwa wa kusahau zaidi kwa wale waliokonda mno. Na huko London, ambako watumishi wa serikali wamefuatwa tangu miaka ya 1980, ilionekana kwamba wenye ugonjwa huu walianza kupungua uzito miaka kama minane kabla ya kutambuliwa. Yaani, kukonda kwa mzee kwaweza kuwa barua ya kwanza ya ugonjwa wenyewe. Anasahau kula, au meno yameisha, na anaona haya kusema, au sahani yake ina bukari tupu, kwa kuwa samaki wamegawiwa watoto.

Hapa ndipo penye uchungu mkubwa. Bibi anayekonda, anayesema peke yake usiku, anayetoka nje asijue njia ya kurudi, mara nyingine haitwi mgonjwa katika mitaa yetu; huitwa mchawi. Wajukuu hukatazwa kula pamoja naye. Tunasema wazi kwamba hilo ni dhuluma. Ugonjwa wa kusahau ni ugonjwa wa ubongo, kama vile kifua kikuu ni ugonjwa wa mapafu. Shirika la Afya la Dunia lilihesabu kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa nao. Katika wilaya ya Hai, huko Kilimanjaro, Tanzania, wazee zaidi ya 1,000 wenye miaka 70 na kuzidi walichunguzwa, na watu sita hivi katika kila mia walionekana kuwa nao. Je, hao wote ni wachawi?

Basi, mashauri yetu ni haya.

Mwenye miaka 40 hadi 60 apunguze soda na pombe, maana hizo hujenga tumbo upesi. Bonge la bukari liwe dogo, sombe na maharagwe yawe mengi, na mafuta yamiminwe kwa kijiko, si kwa chupa. Atembee kwa miguu nusu saa kila siku, hasa yule ambaye kazi yake ni kuketi katika gari au ofisini. Tena apimwe tansio na sukari, hata kama hasikii maumivu.

Mzee naye asinyimwe. Apewe chakula chenye kujenga mwili: mayai, samaki wadogo, karanga zilizotwangwa, viwavi, maharagwe laini. Ale pamoja na wengine, maana mzee alaye peke yake hula kidogo. Akianza kusahau au kukonda, apelekwe hospitali mapema. Kuna kusahau kunakotokana na huzuni, na upungufu wa damu, au na dawa anazomeza, na huko kwaweza kutibika.

Mwaka 2024 mabingwa waliokusanywa na jarida la Lancet walisema kwamba karibu nusu ya ugonjwa huu ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa, kama watu wangejilinda na mambo 14, na kati ya hayo wakataja unene, tansio na sukari. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Baba wa miaka 45 na auzibe ufa wake leo, na sahani ya bibi isipungue.