Mlonge usikuachishe dawa ya kisukari

Ukipita sokoni Kyela mjini utakuta unga wa mlonge kwenye vifuko, na muuzaji atakuambia unashusha sukari, presha na mafuta kwenye damu. Msomaji wangu, sikukatazi kununua. Nataka tu ujue unachonunua.

Kliniki huwa nawauliza wagonjwa wa kisukari: mbali na vidonge, unatumia nini kingine? Wengi hunyamaza kwanza. Mzee mmoja alinijibu, "Daktari, vidonge niliacha mwezi uliopita. Mlonge umenitosha." Hakuwa na maumivu yoyote. Tulipompima asubuhi kabla hajala, sukari ilikuwa 19. Kawaida, ikifika 7 kabla ya kula, tunasema ni kisukari. Ndivyo ugonjwa huu ulivyo: unaweza usiume, huku unaharibu macho, figo na mishipa ya miguu.

Majani ya mlonge ni mboga nzuri. Katika tafiti ndogo kwa binadamu, yalipunguza kwa kiasi sukari inayopanda baada ya mlo. Lakini tafiti nyingi zimefanyika kwa panya, na hakuna iliyothibitisha kwamba mlonge unaweza kuchukua nafasi ya dawa.

Usidhani tunadharau miti shamba. Metformini, kidonge ambacho wengi wenu mnakimeza, asili yake ni mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis. Kemikali ya mmea huo ilikuwa na sumu, hivyo wanasayansi wakatengeneza iliyo salama zaidi na kuipima. Ufaransa ilianza kuitumia kwa wagonjwa mwaka 1957. Kidonge chako kina kipimo kinachojulikana. Kijiko cha unga wa sokoni hakina.

Kuchanganya nako kuna hatari. Ukitumia mlonge pamoja na glibenklamidi au insulini, sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Utatoka jasho, utatetemeka, utasikia njaa ya ghafla au utachanganyikiwa. Kunywa haraka maji yenye sukari au soda ya kawaida, kisha ule chakula. Mgonjwa akizimia, msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Mama mjamzito asitumie kabisa mizizi wala magome ya mlonge.

Wazazi, hili ni lenu. Mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza mwili wake umeshindwa kutengeneza insulini, na hakuna jani linaloweza kuirudisha. Akiachishwa sindano, anaweza kufa ndani ya siku chache. Jirani akikushauri umpumzishe sindano ajaribu mlonge, kataa.

Kwa mwenye kisukari cha ukubwani, tiba nyingine iko kwenye sahani. Wali wetu wa Kyela unanukia, na ndizi hazikosekani, lakini vyote ni wanga. Jaza nusu ya sahani mboga za majani, robo samaki au maharage, na robo iliyobaki ndiyo iwe wali au ndizi, si vyote viwili. Mlonge wenyewe upike kama mboga, ule pamoja na wenzako nyumbani.

Siku ya kliniki, njoo na vidonge vyako na kifuko chako cha mlonge. Sitakugombeza. Tutapima sukari na kuamua pamoja. Ila usiache dawa kabla hatujaonana.