Kle ya intaneti na kompyuta ya Linux: msiruhusu mashini ifutwe bure



Juma hili tunajibu ulizo ambalo vikundi kadhaa vimetuletea: «Kompyuta yetu ina Linux. Tukichomeka kle ya intaneti, intaneti haiji. Fundi anasema lazima afute yote na kuweka Windows. Tufanye nini?» Jibu letu ni fupi: msimruhusu afute kitu. Kle nyingi za intaneti zinatumika vizuri na Linux. Kinachokosekana mara nyingi ni maelezo, na leo tunayatoa.

Tunalisema kwa nguvu kwa sababu kuna kikundi cha akiba, jirani zetu, kilichompa fundi mashini kwa tatizo hilihili. Ilirudi na Windows isiyolipiwa, lakini hesabu za miaka mitatu, majina na hisa za kila mama, hazikuwamo tena. Wamama wakakaa wakifungua kaye za zamani ili kujua nani anadai na nani anadaiwa. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: kabla ya mtu yeyote kugusa mashini, hesabu zote zikopiwe kwenye kle mbili za kuhifadhia. Moja ikae kwa mama prezida, nyingine kwa mama anayeshika sanduku.

Sasa tuingie katika somo. Kle ya intaneti, yaani modemu, ina nyuso mbili. Ukiichomeka, kwanza inajionyesha kama CD. Watengenezaji walifanya hivyo ili Windows ikute humo programu ya kuifungua. Programu hiyo haikuandikwa kwa ajili ya Linux, ndiyo maana mtu akiibonyeza hakuna kinachotokea, naye anadhani modemu imekufa. Linux ina mtumishi wake, jina lake usb-modeswitch. Kazi yake ni kuiambia modemu: acha kuwa CD, sasa uwe modemu. Kwenye Ubuntu mara nyingi mtumishi huyo yumo tayari. Kwa hiyo ukichomeka, hesabu polepole mpaka sitini kabla ya kulalamika.

Fuateni hatua hizi kwa utaratibu.

Kwanza, tieni karte SIM ndani ya simu ya kawaida. Hakikisheni ina mega, na muondoe kodi ya PIN ikiwa ipo. PIN ikikosewa mara tatu SIM inajifunga na kudai PUK, na kuitafuta PUK ni safari nyingine.

Pili, chomekeni modemu kwenye mashini yenyewe, si kwenye waya mrefu wa kuongezea. Modemu inakula umeme mwingi kuliko kle ya kuhifadhia. Umeme ukiwa hafifu, inawaka na kuzima kila mara. Kwenye kompyuta kubwa ya mezani, matundu ya nyuma ndiyo yenye nguvu zaidi.

Tatu, fungueni dirisha la amri, liitwalo terminali, muandike lsusb na kubonyeza Enter. Hiyo ni orodha ya vitu vyote vilivyochomekwa. Tafuteni mstari unaoanza na namba 12d1 baada ya neno ID: hiyo ni Huawei. Ikiwa ni 19d2, ni ZTE. Mstari ukiwepo, modemu ni nzima na mashini inaiona. Usipokuwepo, jaribuni tundu lingine au mashini nyingine kabla ya kununua modemu mpya.

Nne, bonyezeni alama ya mitandao juu ya kioo, mchague mtandao wa simu. Linux itauliza nchi. Mkiona Kongo mbili, chagueni République démocratique du Congo, kwani ile nyingine ni ya Brazzaville. Kisha chagueni kampuni ya SIM yenu. Jambo linalowekwa hapo linaitwa APN, ni kama jina la mlango ambao mega zinapitia. Likikosewa hata herufi moja, modemu inaweza kukamata mtandao bila kurasa kufunguka. Mkiona hivyo, pigieni simu huduma ya kampuni yenu muombe APN, muiandike ukutani karibu na mashini.

Modemu nyingine za Huawei, zinazoitwa HiLink, hazihitaji hatua ya nne kwenye mashini. Linux inaziona kama waya wa mtandao. Mnafungua tu programu ya kusomea kurasa, mnaandika 192.168.8.1, na ukurasa wa modemu yenyewe unatokea. Humo mnaweza kuweka APN na kusoma mesaji za kampuni.

Na kama mtumishi usb-modeswitch hayumo? Hapo watu wanakwama, kwa sababu kumpata kunahitaji intaneti, na intaneti ndiyo tunayoitafuta. Chukueni simu ya kisasa, muiunge na mashini kwa waya wa kuchajia, na ndani ya simu muwashe kugawa intaneti kwa USB. Kwa kawaida Linux inaipokea bila kuuliza. Kisha kwenye terminali andikeni: sudo apt install usb-modeswitch modemmanager. Ikimaliza, ondoeni simu, mrudishe modemu. Siku ambayo modemu imeharibika kabisa, njia hiyo ya simu inatosha kutuma raporti.

Jueni pia kwamba modemu fulani zimefungwa kwa kampuni iliyoziuza. Ukitia SIM ya kampuni nyingine, zinadai kodi. Hilo si kosa la Linux, hata kwenye Windows ni vilevile. Ulizeni kabla ya kulipa.

Tusisahau mega, maana zinatoka katika michango yetu. Linux hupenda kutafuta mambo mapya yenyewe, na inaweza kumeza forfeti nzima usiku mmoja. Katika mipangilio ya mtandao wenu, wekeni alama kwamba mtandao huu una kipimo. Kisha katika mipangilio ya programu, zimeni kujipakulia kwenyewe. Mambo mapya yana faida kwa usalama, kwa hiyo yapangieni siku moja mkiwa na mega za kutosha.

Tufanye hesabu kama darasani. Picha moja ya simu inaweza kuwa na mega 3. Picha 20 za mkutano ni mega 60. Mkizipunguza mpaka kilo 300 kila moja, zote pamoja ni karibu mega 6. Raporti iliyoandikwa tupu, bila picha, haifiki hata mega moja. Mama anayejua hesabu hii anaokoa franka kila juma.

Mtu atasema: kwa nini tusumbuke, siber iko pale. Kutoka Kadutu mpaka Nyawera ni pesa ya moto kwenda na kurudi, na mara nyingine foleni. Zaidi ya hayo, orodha ya akiba za wamama inabaki kwenye mashini ya mtu tusiyemjua, na kle yetu inarudi na virusi. Virusi vingi vya siber vimeandikwa kwa Windows, ndiyo maana tunaipenda Linux hata kwenye kompyuta iliyozeeka. Jina la mama na hisa zake ni siri ya kikundi, lazima tuilinde.

Kazi ya juma hili: kila kikundi kichague wamama wawili, si mmoja, wajifunze hatua hizi nne mpaka wazifanye bila karatasi. Akisafiri mmoja, mwingine yupo. Na mtoto wa sekondari akiwasaidia, vizuri, lakini mkono unaobonyeza uwe wa mama. Juma lijalo tutaeleza namna ya kufunga faili la hesabu kwa neno la siri. Leteni maulizo yenu mkutanoni.