Kabla hujauza jasho lako mtandaoni, uliza mizani i wapi

Jumapili hii nataka tuketi tuzungumze juu ya jambo linalowakosesha usingizi wazazi wengi wenye vijana waliomaliza shule na kubaki mikono mitupu. Nazo ni hizi kazi za mtandaoni. Wako wanaosema pesa zimejaa humo kama mchanga ufuoni, na wako wanaoapa kwamba ni ulaghai mtupu. Kila upande una ushahidi wake, na ndiyo maana mzazi hajui amsikilize nani.

Chanzo cha mazungumzo yetu ni safari niliyoifanya Kibuyuni, katika kaunti ya Kwale. Ukitoka Ukunda kuelekea Lunga Lunga, unakata kona pale Kanana na kuishika njia ya Shimoni. Kijiji hiki kinasifika kwa kilimo cha mwani. Maji yakipwa, kina mama huingia baharini, wakafunga mbegu kwenye kamba zilizotandazwa baina ya vigingi. Baada ya wiki sita hivi huvuna, wakaanika juani, kisha wakauza kwa kilo. Ni kazi ya jasho na ya subira.

Nilimkuta mama mmoja akigeuzageuza mwani wake juu ya chanja, naye alikuwa na neno moyoni. Binti yake wa miaka 22 amemaliza kidato cha nne na kusomea kompyuta kwa miezi michache mjini Ukunda. Siku moja binti huyo aliona tangazo katika simu: kazi ya kuandika ukiwa nyumbani, malipo kwa dola, ada ya usajili shilingi 3,500 tu. Mama akaifungua leso na kutoa pesa za mwani. Pesa zikatumwa. Siku ya pili wakaambiwa waongeze shilingi 1,500 "za kufungulia akaunti." Walipouliza kulikoni, simu ya upande wa pili ikazimwa, na hadi leo haijawashwa.

"Mwanangu," mama akaniambia, "mimi mnunuzi wa mwani namjua. Akija, mizani huiweka hapa chini nami naiona kwa macho yangu. Sasa huyu tajiri wa ndani ya simu, mizani yake i wapi?"

Msomaji wangu, nimesoma maelezo mengi ya wataalamu juu ya kazi hizi, lakini sijakutana na swali lililo bora kuliko la mama huyu. Kijana yeyote anayetaka kuanza, na alianze jambo hili kwa swali hilo.

Kwanza tuelewane: kazi zenyewe zipo. Ziko tovuti ambazo ni kama soko, mwenye kazi akaja upande huu na mwenye ujuzi akaja upande ule. Kubwa miongoni mwazo ni Upwork, iliyotokana na kuungana kwa Elance na oDesk na kupewa jina hilo mwaka 2015, na Fiverr, iliyoanzishwa mwaka 2010. Tangu kebo za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa kupitia baharini mwaka 2009 na kuleta intaneti ya kasi, Wakenya wengi wamejipatia riziki katika masoko hayo. Serikali nayo ilianzisha mpango wa Ajira Digital mwaka 2016 ili kuwafunza vijana kazi hizi, na mafunzo yake hayatozwi hata senti.

Lakini soko si mwajiri. Hakuna mshahara wa mwisho wa mwezi, hakuna likizo, wala hakuna wa kukuuguza ukiugua. Wewe ni mchuuzi uliyetandika mkeka wako, na mwenye soko anakutoza ushuru kwa kila unachouza. Ukiingia na fikra kwamba umeajiriwa, utavunjika moyo kabla mwezi haujaandama.

Tulirudie sasa swali la mama. Katika soko halali la mtandaoni, mizani ni pale pesa zinapowekwa kabla ya kazi kuanza. Katika kazi ya bei maalumu huko Upwork, mteja huweka malipo kwanza, nayo tovuti ikayashika kama amana. Ukishawasilisha kazi yako, mteja ana siku 14 za kuikagua. Akinyamaza bila kusema neno, malipo huachiliwa yenyewe. Fiverr nako mnunuzi hulipa anapoagiza, na kazi ikishakamilika muuzaji mgeni hungoja siku 14 kabla ya kuzigusa pesa zake. Basi kabla kijana hajabonyeza hata herufi moja, na afungue ukurasa wa kazi yake atazame: je, pesa zimewekwa? Kama hazijawekwa, mizani haipo.

Nami nayasema haya kwa sababu yalinifika. Miaka kadhaa iliyopita, nikitafuta kipato cha kando, nilipata mteja aliyenisifu hata nikavimba kichwa. Akaniambia, "Tutoke humu, tuongee kwa simu, tuikwepe ada ya tovuti." Nikamfuata. Nilikesha siku tatu nikinakili mahojiano yake kutoka sauti hadi maandishi. Nilipomtumia kazi hiyo, alinishukuru, na hayo ndiyo yaliyokuwa malipo yangu. Sikuwa na pa kushtaki, kwa kuwa mimi mwenyewe nilitoka sokoni kwa miguu yangu. Mteja anayekuvuta nje kabla hamjajuana, mkimbie.

Jambo la pili ni hizo ada za usajili. Kujiandikisha katika tovuti hizi mbili ni bure. Ni kweli kwamba Upwork ina vijitiketi viitwavyo Connects, ambavyo hutumiwa kuomba kazi, na mtu akivimaliza hununua vingine kwa senti 15 za dola kila kimoja. Lakini hivyo hununuliwa ndani ya tovuti yenyewe, katika akaunti yako mwenyewe, wala havitumwi kwa nambari ya simu ya mtu usiyemjua. Anayekutoza ili akupe kazi hana kazi ya kukupa. Kazi aliyo nayo ni hiyo ya kukutoza.

La tatu, akaunti ni ya mwenye jina. Kuna biashara imeenea miongoni mwa vijana ya kuuza na kukodisha akaunti ambazo tayari zina sifa nzuri. Kijana huambiwa, "Ya nini kuhangaika kuanzia chini? Nipe elfu kumi nikupe iliyokomaa." Msomaji, huo ni mtego. Tovuti hizi hukataza jambo hilo na huweza kumtaka mtu aonyeshe kitambulisho na uso wake wakati wowote. Siku hiyo akaunti hufungwa na kilichomo hupotea. Hata isipofungwa, pesa huingia kwa mwenye jina, nawe unabaki ukimbembeleza akupe jasho lako. Afadhali kuanza na mtumbwi wako mdogo kuliko kuazima jahazi la mtu.

Sasa, kijana wa Kibuyuni auze nini katika soko linalouza ulimwengu mzima? Hapa ndipo wengi wanapokosea. Hukimbilia kazi ambazo kila mtu anazifanya, kama kuandika makala ya Kiingereza au kujaza takwimu, wakashindana na mamilioni ya watu. Wengine huishia kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha za vyuo. Hiyo ni kumsaidia mtu kudanganya katika mtihani, na huko Uingereza sheria ya mwaka 2022 imeifanya biashara hiyo kuwa kosa. Hata ukiiweka sheria kando, hebu fikiri: kazi usiyoweza kumwonyesha mteja mwingine inakujengea sifa gani?

Tazama kilicho ndani ya nyumba yako. Binti yule wa Kibuyuni anasema Kiswahili cha pwani ambacho mtu hawezi kukipata kwa kusoma kozi. Umoja wa Afrika ulikifanya Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022, na UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa siku yake duniani. Watafiti, mashirika, watengenezaji wa filamu na wa programu za kompyuta wanahitaji watu wa kunakili sauti za Kiswahili, kutafsiri, kuandika maneno ya chini ya picha, na kusoma kwa sauti safi. Huko washindani ni wachache, na binti wa Kibuyuni hana haja ya kujifanya mtu mwingine.

Nilikaa naye jioni moja chini ya mwembe, tukaandika wasifu wake. Alikuwa ameanza kwa maneno makubwa makubwa, eti yeye ni mtaalamu wa kila kitu. Tukayafuta. Tukaweka jambo moja tu: anakili na kutafsiri Kiswahili cha pwani kwenda Kiingereza. Kisha akarekodi babu yake akisimulia habari za uvuvi kwa dakika tano, kwa idhini ya mzee mwenyewe, akayanakili na kuyatafsiri. Hiyo ikawa sampuli yake. Asiyewahi kuajiriwa bado anaweza kuonyesha kazi, mradi aifanye kwanza.

Kuhusu barua ya maombi, shauri langu ni hili: fupi, yenye kuthibitisha kwamba umesoma alichoandika mteja. Mwambie umeelewa anataka nini, mwonyeshe sampuli inayofanana nayo, mwambie utaimaliza lini na kwa bei gani, kisha nyamaza. Usimlilie shida zako. Mnunuzi wa mwani hanunui kwa kuwa mama ana njaa. Hununua kwa kuwa mwani ni mkavu na hauna mchanga.

Na hesabu je? Fiverr hukata asilimia 20 ya kila malipo. Upwork ilikuwa ikikata asilimia 10 tangu 2023, na mwaka 2025 ikaanza kutoza viwango vinavyotofautiana kati ya kazi na kazi, hadi asilimia 15. Kisha kuna gharama ya kuzileta pesa nyumbani, kwa benki au kwa njia ya PayPal, ambayo tangu 2018 imeunganishwa na M-Pesa. Kwa hiyo kazi ya dola 10 katika Fiverr ni dola 8 mkononi, ambazo kwa kiwango cha mwaka 2025 zilikuwa karibu shilingi elfu moja, kabla ya kutoa gharama ya bando na ya kuzipokea. Kama kazi hiyo imekula siku tatu, kibarua cha shamba kingekulipa zaidi. Kijana na aandike katika daftari saa alizotumia na alichopata. Asiyehesabu saa zake huzigawa bure.

Tena usifunge mbegu zote kwenye kamba moja. Mwezi Machi 2024 tovuti ya Remotasks, iliyo chini ya kampuni ya Scale AI ya Marekani, ilisitisha shughuli zake hapa Kenya. Vijana walioitegemea kwa kodi na karo waliamka wakakuta mlango umefungwa. Mama wa mwani anajua kwamba dhoruba huja, na kwa hiyo hafungi mradi wake wote mahali pamoja. Weka tovuti mbili, na ujuzi mmoja unaoweza kuuzwa hata bila tovuti.

Neno langu la mwisho ni kwenu wazazi. Mchana wa Marekani ni usiku wetu. New York ipo nyuma yetu kwa saa saba au nane. Kijana anayekesha na simu si lazima awe amepotoka. Na wewe kijana, usimwache mama yako akibuni. Mwonyeshe kazi, mwonyeshe mteja alivyoandika, mwonyeshe pesa zilipowekwa. Nyumba nyingi zimeingia fitina kwa sababu ya siri ambayo haikuwa na haja ya kuwa siri.

Yule binti alinipigia simu majuzi. Wiki tano zilipita bila jibu, akaomba kazi 20 na zaidi, na mara mbili alitaka kuacha. Katika wiki ya sita akapata kazi ya kunakili mahojiano mafupi, dola 10. Kabla hajaianza, alimwita mama yake chanjani, akamwonyesha kwenye kioo cha simu mahali palipoandikwa kwamba mnunuzi amekwisha lipa.

"Mama akaniuliza, hii ndiyo mizani?" binti akanisimulia. "Nikamwambia ndiyo. Akasema, haya, kapime."

Zile shilingi 3,500 hazijarudi, wala hazitarudi. Maji yakipwa, binti bado anashuka na mama yake kufunga kamba, na usiku anawasha simu. Sikumshauri aache bahari. Nilimshauri asiziingie hizo bahari mbili bila kuzijua.