UKURASA WA FUNDI: Tiyo gani kwa kuvuta vumbi ya mbao?

Katika miji yetu ya migodi hakuna mtu wa kufundishwa kwamba vumbi inaua. Wazazi waliofanya kazi chini ya udongo wanajua namna vumbi ya mawe inavyokaa katika mapafu. Lakini kijana akiingia atelie ya mbao anafikiri vumbi ile ni ya kupangusa tu na kurudi nyumbani. Si vile. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la kuchunguza kansere liliweka vumbi ya mbao katika kundi la vitu vinavyoleta kansere kwa watu, zaidi sana kansere ya ndani ya pua. Na ile ndogo kabisa, ile macho haioni, njo inashuka mpaka ndani ya mapafu.

Basi, kama atelie yenu imepata mashini ya kuvuta vumbi, ulizo linakuja: tiyo za kutoka kwa musumeno na rabo mpaka kwa mashini ile, tuzifanye na nini?

Fahamu kwanza kazi ya tiyo. Upepo njo unabeba vumbi, na ili ubebe muzuri unapaswa kukimbia karibu metri 20 kila sekunde. Tiyo ikiwa pana kupita nguvu ya moteri, upepo unalegea na mabaki ya mbao yanalala ndani. Ikiwa nyembamba, upepo hautoshi. Kwa mwendo ule, tiyo ya milimetri 100 inapitisha karibu m³ 565 kwa saa; ile ya 160 inapitisha karibu m³ 1.450. Kwa hiyo angalia nguvu ya mashini yako mbele ya kununua.

1. Tole ya zinki. Hii njo ya kwanza kwa uzuri. Ndani iko laini, haishiki moto, na umeme unaozaliwa na vumbi ikisuguana unashuka katika udongo, kama umefunga waya wa kuupeleka kule. Fundi anayetengeneza ndoo na mbabula katika mtaa wenu anaweza kuizungusha. Usitumie malata ya nyumba yenye mikunjo, wala tole nyembamba sana: ukifunga milango yote ya tiyo, mashini itaivuta mpaka ibonyee. Maungio yafuate mwendo wa upepo: mdomo mdogo uingie katika mdomo mkubwa, ukitazama upande wa mashini. Funga na riveti fupi, kisha mastiki. Usichomelee zinki kwa moto ndani ya atelie, juu moshi wake unaleta homa kali.

2. PVC ya maji machafu. Inapatikana, tena unaikata na musumeno wa mkono. Lakini plastiki haipitishi umeme. Vumbi ikipita, umeme unakusanyika juu ya tiyo, na mfanyakazi akiigusa anashtuka. Mkono ukiruka karibu na musumeno, ni hatari. Mafundi wengi wanapitisha waya wa shaba usio na ngozi kandokando ya tiyo, wakaufunga kwa chuma cha mashini na kwa udongo. Waya huu unapunguza kushtuka, lakini haubadilishi plastiki kuwa chuma. Kumbuka pia kwamba moto ukitokea, PVC inatoa moshi wa sumu.

3. Tiyo ya kukunjika. Ni rahisi kufunga, kwa hiyo vijana wanaipenda. Lakini mikunjo ya ndani inazuia upepo, kupita tiyo laini mara mbili hata tatu. Tumia kipande kifupi tu, pale karibu na mashini inayosogezwa. Usizungushe atelie yote na hiyo.

Kwa tiyo yoyote, epuka kona kali. Kona moja ya digri 90, ifanye kwa kona mbili za 45.

Sasa neno la moto. Atelie nyingi za kwetu zinafanya mbao na chuma chini ya dari moja. Usivute kamwe cheche za mashini ya kunoa chuma katika tiyo ya mbao. Cheche moja inaweza kulala katika mfuko wa vumbi, nyinyi mukaenda nyumbani, na usiku atelie ikawaka.

Shauri letu basi: feza ikiwepo, njia kubwa iwe ya tole. Feza ikiwa kidogo, PVC na waya wake. Tiyo ya kukunjika mwisho tu. Wala usimalize feza yote kwa tiyo ukasahau mfuko: kitambaa chepesi kinakamata mabaki makubwa na kurudisha vumbi ndogo kwenu. Kama mahali panaruhusu, weka mashini na mfuko inje, chini ya kibanda. Na baba au kaka akitoka kazini akung'ute nguo inje mbele ya kubeba mtoto.

Ya kuzungumza nyumbani:
– Katika atelie ya mtoto wetu, vumbi inakwenda wapi?
– Nani anafungua mfuko, na anafunika pua na nini?
– Je, kuna chuma kinachonolewa karibu na mbao?